Mali bila daftari: kahawa ya Kilimanjaro na sheria ya misitu ya Ulaya



Kuna sheria moja ya Ulaya ambayo wengi wetu tunaokaa mjini hatuijui hata kwa jina, lakini makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika kule Kilimanjaro inawanyima usingizi. Ni sheria namba 1115 ya mwaka 2023 ya Umoja wa Ulaya. Kwa kifupi inasema hivi: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mifugo ya ng'ombe, pamoja na bidhaa zinazotokana navyo, haviruhusiwi kuuzwa katika soko la Ulaya kama vimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu na msitu huo ukafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Nimekuwa nikiandika habari za kilimo gazetini kwa muda sasa, na habari ya gazeti ina nafasi ndogo. Unaandika sheria inasema nini, ofisa fulani kasema nini, basi nafasi imekwisha. Leo nataka niseme kile ambacho hakiingii kwenye safu mbili za gazeti, nacho ni historia. Maana mkulima wa Kilimanjaro anapoambiwa leo athibitishe kwamba shamba lake ni safi, si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Babu yake aliambiwa hivyo hivyo miaka mia moja iliyopita.

Kwanza tuielewe sheria yenyewe. Kampuni inayoingiza kahawa Ulaya lazima ieleze kila gunia limetoka shamba gani, na shamba hilo lioneshwe kwenye ramani. Shamba linalozidi hekta 4 lazima lichorwe mipaka yake yote kuzunguka. Lisilozidi hapo linatosha nukta moja tu, yaani latitudo na longitudo, zenye tarakimu sita baada ya desimali. Pia kahawa iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka, ikiwemo haki ya kutumia ardhi. Na kahawa inayojulikana shamba lake haitakiwi kuchanganywa na isiyojulikana. Kampuni itakayokiuka inaweza kupigwa faini ambayo kiwango chake cha juu, kwa mujibu wa sheria, hakiwezi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka katika Umoja wa Ulaya.

Mtasema, basi huo ni mzigo wa kampuni. Kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Lakini tuwe wakweli, kampuni ya Hamburg au Trieste haitatuma mtu apande Uru kuhesabu migomba. Itamwambia muuzaji wa Moshi alete ramani, muuzaji atauambia ushirika, ushirika utaiambia AMCOS, na katibu wa AMCOS ndiye atakayepanda mlima na simu mkononi.

Sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa mwaka 2024. Ikaahirishwa mwaka mmoja. Desemba 2025 ikaahirishwa tena, hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa zile ndogo. Wapo waliofurahi wakadhani itakufa yenyewe. Mimi nawashauri wasitegemee hilo, na sababu zangu nitazieleza.

Sasa turudi nyuma.

Kahawa ya arabika ilifika Kilimanjaro kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, ikapandwa kwenye misheni ya Kilema miaka ya 1890. Wakati wa Wajerumani walowezi walichukua ardhi wakafungua mashamba makubwa. Wachagga wachache walipanda miche yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaingia, na ofisa wao wa Moshi, Charles Dundas, akawahimiza Wachagga wapande kahawa kwenye vihamba vyao. Ndiyo maana mpaka leo wazee wanamtaja.

Walowezi hawakupenda hata kidogo. Walitoa hoja ambazo ukizisoma leo utadhani umewahi kuzisikia mahali. Walisema kahawa ya Mwafrika haitunzwi, itazaa wadudu na magonjwa, na magonjwa hayo yataruka mpaka kwenye mashamba ya Wazungu. Walisema pia mazao yatakuwa duni na yataharibu jina la kahawa ya Kilimanjaro sokoni. Hoja ambayo hawakuisema kwa sauti kubwa ni kwamba Mchagga mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi.

Hayo hayakuwa maneno ya bure. Jirani zetu Kenya, hoja za namna hiyo ndizo zilizoshinda. Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa mpaka miaka ya 1930, aliporuhusiwa kwa majaribio madogo sehemu kama Kisii na Meru. Mlango ulikuja kufunguliwa kweli baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Na huyo Roger Swynnerton alikuwa ofisa kilimo Moshi kabla ya kwenda Kenya. Mwaka 1948 yeye na A. L. B. Bennett, meneja wa KNCU, walitoa kitabu kuhusu kahawa ya ushirika huo. Kwa hiyo alikuwa ameona kwa macho yake wakulima wadogo wa Kilimanjaro wanavyoweza.

Je, Wachagga walifanyaje hoja ya walowezi ishindwe? Walijipanga. Mwaka 1925 wakaunda Kilimanjaro Native Planters' Association, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, kijana aliyesoma kwa wamisionari. Chama hicho kilikuwa na kazi ya kutafuta soko, lakini kilikuwa pia na kazi ya kuthibitisha. Kiliwaandikisha wakulima, kikanunua dawa na pampu, kikasimamia wanachama wapulizie miti yao. Mlowezi akisema kahawa ya Mwafrika ina wadudu, chama kina majibu: nani ana kahawa, iko wapi, imepuliziwa dawa.

Mnaona kufanana? Mwaka 1925 mkulima mdogo alitakiwa athibitishe shamba lake halina wadudu. Leo anatakiwa athibitishe halikumeza msitu. Safari zote mbili anayedai uthibitisho yuko mbali na ana nguvu ya kufunga soko. Na safari ya kwanza kilichomwokoa mkulima ni chama chenye daftari.

Lakini historia haikuishia hapo, na hapa ndipo penye somo chungu. KNPA ilikuwa ya wakulima wenyewe, na kwa sababu hiyo ilianza kuwa na sauti kwenye mambo ya ardhi na siasa. Serikali ya kikoloni haikupenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Merinyo akaondolewa uongozini, fedha za chama zikiwa na matatizo. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNPA ikageuzwa kuwa Kilimanjaro Native Cooperative Union, KNCU, yenye vyama vya msingi chini yake na meneja Mzungu juu yake. Kisha kanuni zikawalazimisha wakulima wote wauze kahawa kupitia humo.

Bei ikaanguka. Mkulima akaona daftari limejaa jina lake na kilo zake, lakini uamuzi unafanywa na watu asiowachagua. Mwaka 1937 wakulima wakachoka, ghasia zikazuka sehemu kadhaa za mlima, maghala ya vyama yakashambuliwa. Serikali ikazima kwa nguvu na baadhi ya waliohesabiwa kuwa vinara wakahamishwa. Ushirika ule ule waliouanzisha wenyewe kuwalinda, miaka kumi na miwili baadaye waliugeukia kwa mawe. Ni kwa sababu daftari lilikuwa limehama mikono.

KNCU ilikuja kutulia, ikastawi, na miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa miongoni mwa vyama vya ushirika vilivyosifika sana Afrika. Ilisomesha watu na kujenga majengo ambayo bado yamesimama Moshi mjini. Haikuwa bahati kwamba Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963 hapo hapo Moshi, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika.

Daftari likahama tena mwaka 1976. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao, na vijiji vikawekwa mahali pa vyama vya msingi. Mkulima wa kahawa sasa alikuwa anauza kwa mamlaka ya serikali. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha ushirika, na KNCU ikazaliwa upya mwaka 1984, ikiwa na madeni na watu waliokwishavunjika moyo. Muongo mmoja baadaye, kuanzia msimu wa 1994/95, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Hao walikuja na fedha taslimu mkononi na hawakuwa na haja ya kujua gunia limetoka kihamba gani. Miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi vikajitenga na KNCU na kuuza vyenyewe. Mwaka 2018 serikali ikarudisha utaratibu wa kahawa kupita AMCOS.

Hesabuni wenyewe. Katika miaka isiyofika mia moja, kumbukumbu za mkulima huyu zimeshikwa na chama chake, na meneja wa kikoloni, na mamlaka ya serikali, na baadaye hazikushikwa na mtu yeyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mali yenye daftari lililo kwa mwenzako nayo inaweza kupotea, tofauti ni kwamba habari utazipata.

Tuje sasa kwenye msitu wenyewe, maana msomaji anaweza kuuliza: kwani Wachagga hawakukata msitu?

Tusijidanganye, msitu wa Kilimanjaro umekatwa. Walowezi walifyeka kufungua mashamba. Serikali yenyewe iliondoa msitu wa asili upande wa Rongai na magharibi ya mlima ikapanda misonobari na miti ya saipresi. Uchunguzi wa ndege wa mwaka 2001 ulionesha uvunaji mkubwa wa miti ya asili, hasa mkulo, ndani ya hifadhi. Huo ulikuwa biashara ya mbao, na sitasema wenyeji hawakuhusika.

Lakini kahawa ya kihamba ni habari nyingine. Mpaka wa msitu na makazi uliwekwa zamani. Wajerumani waliutenga msitu, Waingereza wakauthibitisha kuwa hifadhi mwaka 1921, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili pembezoni mwake ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani. Mwaka 2005 msitu wote ukaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa, na mama aliyekuwa akiokota kuni akajikuta mvamizi. Kihamba chenyewe kiko chini ya mpaka huo. Vingi vilikuwa na kahawa kabla ya wajukuu wa leo kuzaliwa, na vingi havifiki hata hekta moja. Kwa mkulima wa namna hii, tarehe 31 Desemba 2020 haina kitisho. Hana alichofyeka.

Tatizo lake ni kuthibitisha. Na hapa kuna vikwazo vitatu ambavyo nimeviona kwa macho yangu kwenye ofisi za vyama vya msingi.

Cha kwanza ni kivuli. Kihamba ni migomba, chini yake kahawa, juu yake mringaringa na mgrevilea. Ukikitazama kutoka angani unaona kijani kitupu, na kompyuta inaweza kudhani ni msitu. Mzee akikata mgrevilea mmoja apate mbao za paa, picha ya mwaka unaofuata inaonesha pengo. Sheria yenyewe iko upande wake, maana ardhi inayotumika kwa kilimo haihesabiwi msitu hata ikiwa na miti. Lakini lazima awepo mtu wa kusema hivyo kwa ushahidi, na huyo ni chama chake.

Cha pili ni mpaka. Kwetu mpaka wa kihamba ni masale. Yule anayejua mila za Kichagga anajua kwamba masale si mmea wa mchezo, hata msamaha huombwa kwa jani lake. Kila mtu anajua masale ya nani yako wapi. Sheria ya Ulaya inataka tarakimu sita za desimali, ambazo ukizipiga hesabu ni usahihi wa kama sentimita 11 ardhini. Simu ya kawaida inaweza kukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, na chini ya migomba inakosea zaidi. Kwa kihamba cha upana wa hatua chache, mita kumi ni kwa jirani. Kwa hiyo anayepima asimame katikati ya kihamba, asubiri simu itulie, na mwenye kihamba awepo pamoja na jirani. Ni kazi ya dakika chache, ila ukiikosea umeanzisha ugomvi ambao masale yalikuwa yameumaliza.

Cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni jina. Katika chama kimoja katibu alinifungulia daftari la wanachama. Akaanza kunionesha kwa kidole: huyu marehemu, huyu marehemu, huyu yuko Dar, huyu marehemu. Kahawa bado inaletwa kwa majina yao. Anayeileta ni mjane, au mtoto wa mwisho aliyeachiwa nyumba ya wazazi kama mila inavyotaka, au mkwe. Kihamba hakina hati, na hilo peke yake si kosa, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila hata isipoandikwa. Lakini siku nukta ya ramani itakapowekwa, lazima iwekwe pamoja na jina. Ikiwekwa jina la marehemu, au la mtoto wa kiume aliyeko Dar es Salaam ambaye hajashika jembe miaka ishirini, yule mama anayechuma, anayekoboa na anayeanika atakuwa amefutwa kwenye kumbukumbu ambayo huenda ikadumu kuliko daftari la karatasi.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko faini yoyote. Tutaambiwa tunajiandaa kwa soko la Ulaya, kumbe kimya kimya tunaamua nani ana haki gani kwenye kihamba.

Wapo wanaosema tuachane na Ulaya, kahawa yetu Wajapani wanaipenda. Ni kweli Japani ni mteja wa siku nyingi wa kahawa ya Kilimanjaro. Lakini kahawa ya Tanzania inakwenda pia kwa wingi Italia, Ujerumani na Ubelgiji, na mnada ukipoteza wanunuzi hao bei inashuka kwa kila mtu, hata kwa anayeuza Japani. Tena Umoja wa Ulaya ulipopanga nchi kwa madaraja mwaka 2025, Kenya na Rwanda ziliwekwa kwenye hatari ndogo, Tanzania, Uganda na Ethiopia zikawekwa daraja la kati. Maana yake waagizaji wa kahawa yetu watakaguliwa zaidi kuliko waagizaji wa kahawa ya jirani. Mnunuzi mvivu atachagua njia nyepesi. Ndiyo maana nilisema tusitegemee kuahirishwa.

Basi vyama vifanye nini? Mimi si mtaalamu wa ramani, lakini historia hii inanipa mambo manne ya kusema.

Moja, daftari kwanza, simu baadaye. Mkutano mkuu wa chama ukae, upitie jina kwa jina, marehemu waondolewe na wanaolima waandikwe, wajane na wake wakiwemo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Mbili, wapimaji wawe vijana wa kijiji. Wapo waliomaliza kidato cha nne na simu zao mkononi, na wanajua masale ya kila mtu.

Tatu, ghala litenganishe magunia. Kahawa ya waliopimwa ikae peke yake, na karatasi zake zifuatane nayo mpaka kiwandani na mnadani. Hapa ndipo kazi yote inapoweza kuharibika, kwa sababu gunia moja lisilojulikana linatia shaka shehena nzima.

Nne, na hili nalisema kwa herufi kubwa kama ingewezekana: takwimu zibaki mali ya chama. Kuna kampuni zinazokuja kupima vihamba bure. Hakuna kitu cha bure. Wakishapima, ramani inakaa kwenye kompyuta yao, na mwaka unaofuata mkulima akitaka kumuuzia mwingine anaambiwa hana uthibitisho. Kabla mtu hajapanda mlima na kifaa chake, chama kiandikiane naye mkataba wa ukurasa mmoja: nakala kamili ibaki chamani, na mkulima aruhusiwe kuitumia kwa mnunuzi yeyote. Akikataa kusaini, mwacheni ashuke na kifaa chake.

Wazee wa mwaka 1925 hawakuwa na simu. Walikuwa na kalamu, pampu za dawa na chama walichokiita chao, na wakawashinda walowezi waliotaka wafungiwe nje ya soko. Walikuja kushindwa pale walipoacha kalamu ishikwe na mwingine. Sisi wajukuu zao tumepewa muda wa nyongeza mara mbili, na msimu wa kahawa haumsubiri mtu. Mwenye mzazi au ndugu kwenye AMCOS, safari hii ukienda nyumbani muulize swali moja tu: kwenye daftari la chama, kihamba chetu kimeandikwa jina la nani?